Kitanda Ndani ya Gari la Mikate

Wamama wenzangu, nawasalimu. Na nyinyi wababa wawili mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotafuta njia ya kukimbia, nawasalimu pia. Kaeni tu, hakuna atakayewauma. Nimeombwa niseme kwa ufupi. Mume wangu, ambaye amebaki nje kwenye gari, aliposikia neno ufupi alicheka mpaka akashika mbavu. Basi mtanivumilia, mi ndivyo nilivyo, nikianza sisimami.

Sitataja jina la mtu hapa. Mume wangu nitamwita mume wangu, na wengine mtawajua kwa kazi zao.

Kilichotukusanya tunakijua wote. Kila mama aliyekaa humu alibeba mimba, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Mi nilirudi hivyo mara mbili. Na mara zote mbili hakuna aliyeniambia pole, kwa sababu hakuna aliyejua. Desturi yetu si mnaijua? Mimba haitangazwi. Unavaa nguo pana, unajifunga kitenge juu ya kitenge, mtu akikutazama sana unamwambia umenenepa kwa maharage. Soksi ya mtoto hununui. Ukishapoteza moja, inayofuata unaificha zaidi. Mimba yangu ya tatu niliificha hata kwa mama yangu mzazi.

Sisi ni watu wa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, kule chini karibu na mashamba ya mpunga. Mume wangu alikuwa na gari dogo la kupelekea mikate madukani, gari la bati lisilo na madirisha nyuma, limejaa rafu za chuma za kupangia mikate. Esansi ya magari ilipoadimika mjini, mwenye tanuri akasimamisha kazi, na gari likabaki uani kwetu likiwapa kuku kivuli. Ile mimba ya pili ilitoka wakati huo huo. Uchungu ulinishika mapema mno, gari liko uani halina tone, barabara imejaa maji, nikapakiwa nyuma ya baiskeli ya jirani nikimwambia ni tumbo la kuhara. Nilimpoteza mtoto kabla hatujafika popote. Yule jirani mpaka leo anafikiri nilikula samaki mbovu.

Kwa hiyo ya tatu ilipoingia, nilikwenda mapema kwa daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Akanipima, akaniambia mlango wa kizazi changu ni mlegevu, hauwezi kubeba uzito. Akaushona. Kisha akanikazia macho. Nilale chali, miguu iwe juu kuliko kichwa, nisisimame, nisibebe hata sufuria, nisipande pikipiki wala baiskeli. Na uchungu ukianza, nifike kwake haraka sana, maana uzi usipokatwa kwa wakati unanipasua mimi na mtoto anapotea. Nikamwuliza, haraka sana ni kiasi gani? Akasema, "Mama, wewe usikae mbali na mimi."

Usikae mbali. Hospitali yenyewe iko upande wa kusini, chini ya kilima cha Kinanira, na sisi tuko kaskazini kabisa kwenye matope. Kitanda cha wodini hapewi mtu wa kulala miezi, wenye uchungu wenyewe wanalala wawili wawili. Chumba cha kupanga kule juu si cha watu kama sisi. Ndugu wa kunipokea wapo, lakini ukikaa kwa ndugu umelala chali miezi mitatu, mji mzima utajua, na mi sikutaka ajue mtu. Nililia siku nzima. Mume wangu alikaa uani akitazama gari lake, na mi nikalichukia hata lile gari.

Jioni akaingia akaniambia atalifanya gari kuwa nyumba.

Nilimwuliza kama amelewa. Nikamwambia mi si gunia la vitunguu la kulazwa kwenye bati. Akaniacha niseme mpaka nikachoka, kisha akaeleza mpango wake taratibu. Anayo esansi kidogo kwenye bido, lile dumu lake la plastiki, inatosha kuvuka mji mara moja tu. Tutapanda Kinanira na gari, tutaegesha kwenye njia inayoshuka moja kwa moja mpaka karibu na geti la hospitali, pua ya gari ikitazama chini. Tutakaa humo mpaka siku ifike.

"Esansi haipo," alisema, "lakini mteremko upo. Mutu anaweza kushuka bila esansi."

Ndugu zangu, nawaambia, nilijifuta machozi nikamwuliza kitanda kitakaa upande gani.

Akaanza kazi kesho yake, na mi nimelala mkekani mlangoni nikimtazama na kumkosoa. Zile rafu za mikate hakuzitupa. Alizikata akaziunga upya zikawa fremu ya kitanda, upande wa miguu akauinua kwa matofali mpaka nikaridhika. Juu yake akapigilia mbao nyembamba za tripleksi na kuweka godoro letu la sponji, amelikata kando ili lienee. Bati la juu lingetuchoma kama kikaango, basi akalibandika maboksi ya karatasi, na chini ya maboksi akashona mikeka. Akatoboa matundu mstari mmoja karibu na paa, akayafunika wavu wa mbu. Kati ya kiti cha dereva na kitanda akaweka ukuta wa mbao, ili mtu akichungulia kioo cha mbele asione kitu. Chini ya kitanda zikakaa bido za maji, bakuli, na ndoo yenye mfuniko, ambayo kazi yake mnaielewa. Nyuma ya milango nikamwambia aning'inize pazia la kitenge kizito. Hilo pazia lilikuwa amri yangu mimi.

Alipokuwa akipigilia msumari wa mwisho maji ya mvua yalikuwa yameshaingia uani. Alinibeba akiwa amezama mpaka kwenye magoti, akanilaza. Nikasikia harufu ya mikate ya zamani kwenye mbao zile, na gari likaondoka.

Sasa sikilizeni jambo moja la watu wa Buterere. Kwetu ni tambarare. Ukisimamisha gari Buterere, linasimama. Litaenda wapi? Freni ya mkono ya gari lile ilikuwa imekufa tangu mume wangu alinunue, na hakuna siku hata moja aliyoikumbuka, kwa kuwa mikate yake ilikuwa ya maduka ya huko huko bondeni. Tulipofika Kinanira akavuta ule mkono kwa mazoea tu, haukushika kitu, akashuka akaokota jiwe kubwa akaliweka mbele ya gurudumu. Akalipiga teke, likatulia. Akarudi akaniambia hapa pazuri, kilima chenyewe kinaniinulia miguu. Na kweli iliinuka. Nikamshukuru Mungu, na jiwe nikalisahau.

Gari liliegemea ukuta wa nyumba kubwa. Mwenye nyumba ni bibi mmoja wa wale Waarabu wa hapa hapa, waliozaliwa Bujumbura na babu zao wamezikwa Bujumbura, wenye duka la vitambaa tangu zamani. Mume wangu alimpigia hodi, akamwambia gari limeishiwa esansi, anaomba liegeshwe ukutani mpaka apate. Siku hizi magari yaliyokwama yako kila njia, nani atashangaa? Bibi akakubali. Habari zangu mume wangu hakuzigusa, nilikuwa nimemwapisha.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu asiyekuwepo. Asubuhi mume wangu ananipa uji, anamwaga ndoo kwa siri kwenye mtaro, anafunga milango, anakwenda kutafuta kibarua na kupanga foleni ya esansi na bido yake, anarudi jioni mara nyingi na bido tupu. Mi nimelala chali nikitazama mkeka. Nikitaka kukohoa, nauma mto. Simu nimeizima sauti. Mtoto akicheza tumboni namwambia kwa kunong'ona atulie, tutasikika. Mnaweza kucheka, lakini nilikuwa namwogopesha mtoto wangu mwenyewe ili asijulikane.

Na nje ya bati, hatua chache tu chini yangu, kulikuwa na wamama wauzaji waliokaa kando ya ukuta. Mmoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu kikubwa tangu asubuhi, ana sauti ya kuamsha wafu. Niliwajua wote kwa sauti. Nilijua mume wa nani ni mlevi, na mtoto wa nani amefeli. Nilitamani kuingia kwenye mazungumzo yao mpaka ulimi uliniwasha. Wao hawakujua kama nipo.

Lakini macho ya wamama, jamani. Yule wa sombe akaanza kuona kwamba dereva ananunua sahani mbili za maharage. Siku nyingine akaona kitenge kimeanikwa kwenye kioo. Nikamsikia akiwaambia wenzake kwamba yule mwanaume anafuga mwanamke kwenye gari, tena mke wake halali yuko bondeni anazama na watoto. Wenzake wakaongeza chumvi. Mpaka mchana unaisha nilikuwa nimeshakuwa malaya wa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mume wangu amenihonga gari. Nilikuwa na majibu kumi yamenikaa kooni, na yote nikayameza. Usiku nikamgombeza mume wangu kwa kunong'ona, maana nilihitaji mtu wa kumgombeza.

Uvumi ukapita ukuta ukamfikia Bibi. Akamngoja mume wangu asubuhi moja, nikasikia kila neno. Hakupaza sauti. Alimwambia nyumba yake ni ya heshima, watu wanaswali humo, na mambo ya magari yenye pazia hayataki ukutani kwake. Mume wangu akajikanyagakanyaga, akataka kusema kweli, nikamsikia anavuta pumzi ya kusema, nikagonga bati kwa kidole kimoja. Ile alama yetu ya kumnyamazisha. Akanyamaza.

"Kesho nisilione gari hili hapa," Bibi akasema, akafunga geti.

Mume wangu akaja nyuma, akaweka paji la uso kwenye mlango. Aliniomba ruhusa aseme. Nikamwambia apana. Nikamwambia akatafute esansi popote mjini, akope, akaombe, tuhamie njia nyingine. Miezi saba ilikuwa imetimia, tumbo limekuwa gumu. Niliona nikisema tu neno, mimba itatoka kama zile nyingine. Akaenda.

Mchana wake mvua ikanyesha. Mvua ya Kinanira si kama ya kwetu. Kwetu maji yanapanda polepole unayaona. Kule juu yanashuka yanakimbia, yanabeba mchanga na takataka zote. Nikayasikia yakipita chini ya gari kama mto. Nje wale wamama wakajibana ukutani chini ya turubai lao, mbele kidogo ya pua ya gari letu.

Kisha nikasikia kitu kinasaga. Kidogo tu. Gari likatikisika likatulia.

Nikalikumbuka lile jiwe. Nikaelewa hapo hapo kwamba maji yanachimba udongo chini yake. Nikatazama ule ukuta wa mbao uliotenga kitanda na usukani, mume wangu alivyoupigilia vizuri, hakuna hata nafasi ya kupitisha mkono. Freni ya mguu iko upande wa pili. Nishuke kwa mlango wa nyuma? Kushuka ni kusimama na kuruka, na daktari aliniambia nisiinuke hata kwa moto. Simu ninayo, lakini mume wangu yuko mjini kwenye foleni, angenisaidia nini?

Gari likasaga tena, na safari hii halikutulia. Lilianza kwenda. Polepole, kama mtu anayetembea amechoka. Bido ya maji ikateleza mpaka kwenye ukuta wa mbao.

Nje nikamsikia yule wa sombe. "Gari linatembea, tokeni!" Nikasikia vyombo vinaanguka na miguu inakimbia. Na mwingine akasema maneno ambayo sitayasahau. "Liache liende, halina mutu."

Halina mutu. Miezi yote ile ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya, na sasa imefanikiwa.

Nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Nilikuwa nimenong'ona muda mrefu mno, koo limesahau. Nikapiga bati kwa ngumi. Kisha ikatoka, na sikuitambua kama ni yangu.

"Kuna mutu! Mi niko ndani! Niko na mimba!"

Ndugu zangu, sijui niliyasema mara ngapi. Nilipiga kelele neno lile nililoogopa kulinong'ona. Halafu nikasikia miguu ile iliyokuwa inakimbia chini, sasa inakimbia juu.

Walilizuia kwa miili yao. Mi sikuona, nilihisi tu gari linapigwa kwa mbele, mikono mingi, wamama wanaguna kama wanaojifungua wao. Likapunguza mwendo lakini likaendelea kuwasukuma, utelezi ulikuwa mwingi. Nikasikia yule wa sombe anawaambia washikilie, washikilie, anakuja. Kisha ukasikika mlio wa mti unaopasuka chini yangu, gari likaruka kidogo, likasimama. Alikuwa amekibiringisha kinu chake akakisukuma chini ya gurudumu. Kilipasuka katikati, lakini kilishika. Kile kinu ndicho kilichokuwa kinalisha watoto wake.

Nikavuta kamba ambayo mume wangu aliifunga kwenye komeo la mlango, likafunguka. Pazia likavutwa. Akasimama pale amelowa, mama mfupi kuliko nilivyomdhania, majani ya sombe yamemganda mikononi. Akanitazama. Akatazama tumbo, miguu yangu iliyoinuliwa, mikeka, ndoo.

"Yale yote tuliyosema," akaniambia, "ulikuwa unasikia?"

"Yote."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Na ulikuwa unakula nini, mama?"

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Bibi naye alikuwa ametoka, amesimama kwenye mvua bila mwavuli, mtandio umemganda kichwani. Akaniuliza kwa nini nilimficha. Nikamwambia niliogopa. Akauliza, "Uliniogopa mimi?" Nikasema niliwaogopa wote. Akasogea mpaka mlangoni, akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia kutoka Buterere mpaka pale.

"Ndiyo ya kwanza, mwanangu?"

Nikasema, "Ya tatu. Mbili hazikukaa."

Akaweka mkono wake juu ya mguu wangu. Akasema pole. Yule wa sombe akasema pole. Kisha wale wamama wengine wakaja mmoja mmoja, mikono imechubuka, wamelowa mpaka mifupa, kila mmoja akishika mlango wa gari, ananitazama usoni, ananiambia pole, anampisha mwenzake. Kama wanavyofanya watu kwenye nyumba yenye msiba. Watoto wangu wawili hawakuwahi kuwa na msiba. Ule ndio ulikuwa msiba wao, pale njiani, kwenye gari la mikate.

Hapo ndipo mambo yangu yaligeuka. Mtoto alikuwa hajazaliwa bado, na ningeweza kumpoteza hata kesho yake. Lakini kama ningempoteza, angekuwa na watu wa kumlilia.

Bibi akafungua geti lake lote. Gari likasukumwa likaingizwa uani, mahali pa sakafu tambarare, pazia likafunguliwa nipate hewa. Mume wangu aliporudi jioni na bido yake tupu, alikuta gari halipo, pamebaki michirizi kwenye udongo na kinu kilichopasuka. Alikimbia kilima chote mpaka chini, akitafuta mabaki yangu mtaroni, ndipo mtu akamrudisha. Alipoingia getini alikuwa hana viatu. Bibi akamkaripia vizuri, mi nikamwacha akaripiwe, kisha nikamwambia Bibi kosa lilikuwa amri yangu. Bibi akasema alishajua, mwanaume yule hana sura ya kupanga siri.

Tangu siku hiyo sikula tena maharage ya kununua. Wamama walikuwa wanakaa kwenye kiti kidogo mlangoni pa gari wakichambua mboga, na mi nimelala chali naongea. Nililipiza ukimya wote ule. Yule wa sombe aliniambia afadhali nilipokuwa mzimu.

Siku yangu ikafika kabla ya wakati, alfajiri. Maji yakanimwagika, uchungu ukaja wa kwanza na wa pili umefuatana. Na tazameni, sasa gari liko uani, kwenye tambarare. Mteremko tuliouwekea tumaini uko nje ya geti, na kulitoa gari kule kwa kulisukuma huku nikitupwatupwa hakuna aliyethubutu. Mume wangu akashika kichwa. Hata tone halikuwemo.

Bibi akatoka na kanga ya kulalia, akauliza kuna nini. Alipoambiwa mpaka leo esansi haijapatikana, akamshangaa mume wangu. "Si ungeniomba?" akasema. Akamwonyesha jenereta yake ya nyumbani nyuma ya jikoni, na pembeni yake bido imejaa. Akashika taa yeye mwenyewe wakati mume wangu anamimina, akasema wao watakaa gizani, giza si ugonjwa.

Ilikuwa pale siku zote. Upande wa pili wa ukuta, mkono mmoja kutoka nilipolala nikilia kwa ajili ya esansi, ilikuwa pale. Hakuna aliyetunyima. Hatukuomba, kwanza kwa sababu ningetakiwa kusema ya nini, na baadaye kwa mazoea tu ya kuficha.

Injini ikakataa, ikakataa tena, ikawaka. Tukashuka kile kilima na yule wa sombe amekaa ndani pamoja nami, amenishika magoti ili nisiteleze, miguu yangu kwenye kifua chake kwa sababu hakukuwa na pengine. Daktari akaja anafunga koti. Akakata uzi. Akaniambia sukuma. Nikasukuma nilivyoweza, na mtoto akatoka, na chumba kikawa kimya. Nikamwona mikononi mwao, rangi ya kijivu, amelegea. Wakamkimbiza kwenye meza ya pili wakanipa migongo. Nikauliza, yuko hai? Daktari hakugeuka. Akasema, "Ngoja."

Najua, mnataka kujua. Wewe mama wa kilemba cha njano umeacha hata kupumua. Lakini mi nawafahamu, nikiwaambia sasa mtafanya fujo na hamtanisikiliza tena. Kwanza shukrani.

Namshukuru yule mama wa sombe. Tulimtafutia kinu kingine, cha kwanza alikikataa kwamba ni chepesi, cha pili akakikataa kwamba kina ufa, alitusumbua kwelikweli, Mungu ambariki. Namshukuru Bibi, na wale wote walioweka mabega yao mbele ya gari ambalo waliambiwa halina mtu. Namshukuru daktari asiyependa maneno. Namshukuru mume wangu, aliyenijengea nyumba kwa rafu za mikate, akamwaga ndoo yangu, na hajawahi kunikumbusha.

Na neno nililotaka kuwaachia ni hili. Simwambii mtu aende sokoni na ngoma kutangaza tumbo lake. Desturi ni desturi, na midomo mibaya ipo, niliisikia kwa masikio yangu. Lakini mwambie mtu mmoja. Mwambie anayekaa upande wa pili wa ukuta wako. Wewe dada uliyejifunga kitenge mara mbili kwenye joto hili, sikutazami, sikutaji. Lile gari liko hapo nje. Freni ya mkono imetengenezwa, nimeijaribu mwenyewe. Kitanda kipo, godoro jipya, na Bibi amesema ua wake uko wazi kwa yeyote atakayeambiwa na daktari asikae mbali. Wameshalala humo wawili baada yangu. Ukitaka, nitakuwa hapa mbele mpaka wengine wote watoke.

Basi. Nilikuwa nimelala, daktari amesema ngoja, na nikangoja, nimeziba masikio kwa mikono yangu kwa sababu nilidhani kimya kile nimeshakizoea, sitaki kukisikia mara ya tatu. Yule wa sombe akanishika mikono akanizibua masikio kwa nguvu, akaniambia...

Mnamsikia?

Huyo hapo nje. Ndiye. Ameamka, na baba yake hamwezi akishaanza. Apana, mama, kaa, usiende kumnyamazisha. Mwacheni alie.